Jiko la gazi linapogoma hapa Goma

Malalamiko karibu yote huanza na sentensi moja: “Fundi, jiko halina nguvu.” Kabla ya kushika bisibisi, uliza: ni moto mmoja unaosumbua, au ni yote kwa pamoja? Jibu hilo peke yake ni nusu ya kazi. Moto mmoja ukiwa dhaifu na wa pembeni yake unawaka vizuri, chupa haina kosa, mpira unaoleta gazi hauna kosa. Ugonjwa uko kwenye bruleri ile, yaani kichwa kile kinachotoa moto, au kwenye jikleri yake iliyo chini, kile kitundu cha shaba kinachopitisha gazi. Yote ikidhoofika siku moja, usifungue jiko. Anzia kwenye chupa. Watu hufanya kinyume kwa sababu jiko ndilo lenye skrubu, na skrubu humwita kila mwenye bisibisi.

Kwenye chupa, ulizia kwanza kama gazi ipo. Kutikisa hakukuambii mengi. Mimina kikombe cha maji ya moto, yasiyochemka, ubavuni mwa chupa, ngoja kidogo, kisha teremsha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale joto linapokatika na baridi kuanza, ndipo gazi ya maji ilipofika. Njia isiyobishaniwa ni mizani. Kwenye kola ya chupa umepigwa mhuri wa uzito mtupu, ukisoma 7.2 na muuzaji akasema amekuwekea kilo 6, mizani lazima iseme 13.2. Pima dukani, mbele yake. Ukisubiri mpaka moto ufifie wiki ya pili, utalaumu jiko kwa kosa la mizani.

Chupa inayokaribia kwisha ina dalili mbili zinazotisha watu bure: moto unakuwa mwekundu kidogo pembeni, na harufu inaongezeka hata pasipovuja. Ile dawa ya harufu inayotiwa kwenye gazi hubaki nyuma na kukolea kadiri chupa inavyoisha. Hata hivyo usiamini hivi hivi; pitisha sabuni, nitaieleza chini. Na kuna wale wanaoilaza chupa, au kuiweka kwenye beseni la maji yanayochemka, ili wakamue ya mwisho. Chupa ikilala, gazi huingia kwenye mpira ikiwa bado maji, na tone moja la maji hayo hupanuka kuwa hewa zaidi ya mara 200. Moto unaoruka hapo haurudi nyuma kwa kugeuza kifundo. Kwa sababu hiyohiyo, chupa iliyoletwa kwa pikipiki au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ikiwa imelala, isimamishe na uiache robo saa kabla ya kuifunga.

Sasa detanderi, ile ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita regulata. Chupa zinazofika Goma zinapita njia nyingi, na vichwa vyake havifanani: kuna vya kubonyeza vyenye mdomo wa milimita 20, 22 au 27, na kuna vya kufunga kwa nati. Nati hiyo inafunga kinyume, yaani unaigeuza kushoto ndipo ikaze. Anayelazimisha kulia anakula meno ya shaba, na detanderi hiyo haina faida tena. Isiyolingana na kichwa usiikaze kwa uzi, kwa plastiki wala kwa kipande cha kauchu ya tairi. Tafuta inayolingana.

Soma namba iliyoandikwa juu yake. Jiko la nyumbani linataka miliba 28 hadi 37, yaani kipimo cha msukumo wa gazi. Nyingi zimeandikwa 30. Ile yenye kifundo cha kugeuza ili kuongeza nguvu ni ya majiko makubwa ya mgahawa. Ukiifunga kwenye jiko la meza, moto unanguruma, unaruka juu ya bruleri kana kwamba haujashikwa na kitu, na unazimika ukipigwa na upepo mdogo. Detanderi inayokufa hufanya kinyume: mioto yote inakuwa mifupi, au inapanda na kushuka kama inapumua. Kabla ya kuitupa, tazama tundu dogo lililo juu au pembeni ya kifuniko chake. Ndani kuna ngozi ya mpira inayopumulia hapo, na vumbi letu jeusi la mawe ya volkano huliziba vizuri sana. Lipanguse kwa mswaki mkavu. Usichome sindano, maana ngozi ile ikitoboka gazi inatokea hapo. Isipobadilika, nunua nyingine. Detanderi haifunguliwi wala haishonwi, na anayekuambia anaweza kuitengeneza anakuuzia shida.

Kwa chupa za kubonyeza, pete ya mpira inayozuia gazi iko ndani ya mdomo wa chupa. Kwa zile za nati, iko upande wa detanderi. Hilo linafaa kujulikana, kwa sababu ukisikia “sssss” kila unapofungua chupa mpya, na ile ya zamani haikuwa hivyo, tatizo mara nyingi ni pete iliyokatika au iliyodondoka, na chupa inarudi kwa muuzaji. Utepe mweupe wa mafundi wa maji hauna kazi hapo. Utepe ule unafaa pale chuma kinapokaza chuma kwa meno. Palipo na pete ya mpira, unaizuia tu isikae sawa.

Mpira wenyewe una umri. Tarehe imechapwa kwenye ubavu wake. Ikifutika, ukunje karibu na ncha mbili na uangalie kwa tochi. Mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, au ugumu wa plastiki ya zamani, maana yake umekwisha. Usizidishe mita moja na nusu, usiupitishe nyuma ya tanuri, na usitumie mpira wa bustani wala wa mafuta ya gari: gazi hunyonya ulaini wake na baada ya miezi unabaki kama kijiti. Ncha ikikataa kuingia, ichovye kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, kisha isukume hadi ipite vipindo vyote vya bomba. Usipake mafuta, kilichoingia kwa mafuta kitatoka kwa mafuta. Kila ncha ifungwe kwa kolye, yaani kibano cha chuma chenye skrubu. Waya uliopotwa kwa koleo hukata mpira taratibu, mahali pasipoonekana.

Hapa ndipo pa kuongea juu ya kuvuja, na mtu wa Goma hahitaji kufundishwa mengi. Anayekaa mitaa ya Himbi au Keshero anajua mazuku: hewa isiyo na rangi inayolala mabondeni na kwenye mashimo, inaua mbuzi aliyelala na kumwacha mtu aliyesimama. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, yenye uzito wa molekuli 44. Propani, moja ya gazi mbili zilizo ndani ya chupa, nayo ni 44. Butani, ile ya pili, ni 58. Kwa hiyo gazi ya chupa inatembea kama mazuku: inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya kitanda na kwenye nyufa za mbao. Tofauti ni kwamba hii inawaka, na inatosha hewa ya chumba iwe na asilimia 2 tu ya gazi. Ndiyo maana harufu inatafutwa kwa kuinama, na dirisha la juu peke yake halisaidii. Fungua mlango na ufagie hewa ya chini kwa kitambaa au mkeka.

Wengi hapa wamesikia kwamba ziwa letu la Kivu nalo lina gazi, na kwamba mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda unaigeuza kuwa umeme. Ile ni metani, nyepesi kuliko hewa, inapanda. Usiichanganye na ya chupa, hasa unapofika kwenye jikleri hapa chini.

Ukisikia harufu usiku, umeme ukiwa umekatika, mkono unakwenda wenyewe kwenye kiberiti na buji, yaani mshumaa. Usiwashe. Na taa usiiguse, kwa sababu umeme unaweza kurudi wakati huohuo na swichi ikatoa cheche. Funga chupa gizani, fungua mlango, toa watoto, simu iache mfukoni.

Kutafuta pa kuvuja ni kwa sabuni tu. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika nusu kikombe cha maji, koroga bila kufanya povu jingi. Funga vifundo vyote vya jiko, fungua chupa, kisha paka kwa burashi au mswaki: shingo ya chupa, mzunguko wa detanderi, kolye mbili, urefu wote wa mpira, na mahali mpira unapoingia kwenye jiko. Usikimbie. Tundu kubwa linatoa povu papo hapo, ila dogo linahitaji karibu dakika moja ya kutazama kabla kipovu kimoja hakijaanza kunenepa polepole, mahali palepale, tena na tena. Hicho kimoja ndicho unachokitafuta.

Chupa ikiwa safi na moto mmoja bado ni mbaya, sasa ingia kwenye jiko lenyewe. Usomi wote uko kwenye rangi. Moto mzuri ni wa buluu, wenye koni ndogo kali karibu na tundu, na hausikiki sana. Cheche za rangi ya chungwa zinazopita na kupotea ni vumbi au chumvi, si ugonjwa. Hapa vumbi halikosekani. Ncha za njano zinazoyumba, na sufuria inayotoka na masizi, huo ni ugonjwa: moto umekosa hewa. Aliyepika miaka mingi kwa kuni haoni ajabu sufuria ikiwa nyeusi, na ndiyo sababu kosa hili hukaa kwenye nyumba muda mrefu. Kwa gazi, masizi yana maana kwamba pia kuna monoksaidi ya kaboni inayotoka, isiyo na harufu, na kwenye nyumba ya mbao iliyofungwa usiku kwa sababu ya baridi hilo si la kuchezea. Usiwashe jiko la namna hiyo kama kipasha joto.

Propani inahitaji hewa lita 24 kwa kila lita moja ya gazi, butani 31. Hewa hiyo nyingi inavutwa na gazi yenyewe, inaporuka kutoka jikleri na kuingia kwenye bomba la bruleri. Chochote kinachokaa katika bomba hilo kinaharibu hesabu. Buibui hupenda humo, mende pia. Zima, acha vipoe, inua kifuniko na taji la bruleri, kisha pitisha burashi nyembamba ya chupa ya mtoto ndani ya bomba lote. Utando mdogo wa buibui unatosha kugeuza moto wa buluu kuwa wa njano, au mbaya zaidi, kuufanya uwake ndani ya bomba kwa mlio wa “pop”. Ukisikia mlio huo, zima mara moja, kwa sababu moto uko kwenye jikleri na unaunguza kifundo kutoka ndani.

Matundu ya taji ndiyo yanayoziba zaidi, na mkosaji wetu mkubwa ni mawese. Sombe, yaani majani ya muhogo, ikirukia, mafuta yanatiririka kwenye matundu yakiwa maji. Asubuhi, kwa baridi ya Goma, yameganda kuwa kizibo cha rangi ya chungwa, kama nta. Kuosha kwa maji baridi kunayahamisha tu kutoka tundu moja hadi lingine. Loweka taji kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, kisha chokoa kila tundu kwa kijiti cha meno. Usipanue. Suuza, kung'uta, na uache vikauke kabisa. Bruleri yenye maji inatema na kuzimika, na mtu anadhani ameiharibu zaidi. Unaporudisha, kifuniko kina vipini vidogo chini yake. Kizungushe kidogo mpaka uhisi kimeketi. Kifuniko kilichokaa upande hutoa moto mrefu upande mmoja na mfupi mwingine, na hakuna kingine cha kutengeneza hapo.

Halafu kuna Goma yenyewe. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Jiko lililopimwa kiwandani chini huko, hapa linakula hewa pungufu, na ncha zake za moto zinanjanoka kidogo hata likiwa jipya. Majiko mengi ya meza yana kibati kidogo chini ya kila bomba, kinachofunika na kufunua tundu la hewa. Kifungue taratibu huku moto ukiwaka, mpaka njano iondoke; ukizidisha, moto unaruka na kuvuma, rudisha nyuma kidogo. Na jambo la pili: maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maharagi yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, hata moto uwe mzuri namna gani. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji yanayochemka, kunamaliza chupa tu. Funika sufuria, loweka maharagi usiku, na uache jiko.

Jikleri ni kile kichwa kidogo cha shaba chenye tundu la unywele, ambacho Kenya wanakiita nozeli. Inafunguliwa mara nyingi kwa spana ya bomba ya milimita 7, chupa ikiwa imefungwa. Imepigwa namba, na namba hiyo ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita: 65 ni milimita 0.65. Ikiziba, moto unakuwa mdogo lakini wa buluu. Ndiyo tofauti yake na uchafu wa bomba, ambao unaleta njano. Ipulizie kutoka upande wa nje kwenda ndani, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini ya umeme, wenye unene wa kama robo milimita. Sindano ya kushonea ni chuma, na chuma kinakula shaba. Tundu likipanuka kutoka 65 hadi 75, gazi inayopita imeongezeka kwa theluthi moja, na hakuna hewa ya kuilisha.

Hapa ndipo majiko ya okazyo, yaani ya mitumba, yaliyotoka Ulaya yanapowashinda watu. Mengi yalikuwa yanatumia gazi ya bomba la mji, yaani metani, ile nyepesi. Jikleri zake ni kubwa: pale gazi ya chupa inapotaka 50, 65 na 85 kwa bruleri ndogo, ya kati na kubwa, zile za metani mara nyingi ni 72, 97 na karibu 128. Shimo la 97 lina eneo zaidi ya mara mbili ya 65. Jiko likifungwa hivyohivyo, moto unalamba dari na sufuria inakuwa kama imetoka kwenye kuni. Hakuna kurekebisha kwa kifundo. Zinabadilishwa jikleri zote, pamoja na ile ya tanuri inayosahauliwa, na moto mdogo unapunguzwa upya kwa skrubu iliyojificha kwenye mhimili wa kifundo.

Kifundo kigumu kugeuka kina grisi iliyokauka. Vuta kifundo na upake kidogo kwenye mhimili. Kikilainika, bahati yako. Kikiwa bado kigumu, robine yenyewe, yaani vali iliyo nyuma ya kifundo, inataka kufunguliwa, na ile koni ya shaba iliyo ndani inapakwa grisi maalumu ya robine za gazi, chembe moja pembeni, mbali na tundu. Mafuta ya kupikia huganda, grisi ya pikipiki huyeyuka na kuziba njia. Kama huna grisi sahihi, usifungue koni.

Cheche isipotoka, badilisha betri kwanza, kama jiko linayo. Kama ni la kubofya, tazama kauri nyeupe ya kijiti cha cheche kilicho kando ya taji: ikiwa na ufa, cheche inarukia pembeni. Umbali kutoka ncha hadi taji uwe milimita 3 hadi 5. Baada ya kuosha jiko, kijiti chenye unyevu hakitoi kitu mpaka kikauke. Kiberiti kitafanya kazi wakati huo.

Moto unaowaka ukishikilia kifundo na kuzimika ukikiachia ni kazi ya temokapo, kijiti cha pili kilicho kando ya taji. Kikipata joto kinazalisha umeme mdogo sana, milivoti 10 hadi 30, unaoshikilia sumaku ili robine ibaki wazi. Shikilia kifundo sekunde 10 kamili kabla ya kukihukumu. Kisha safisha ncha kwa msasa laini, hakikisha mwali unailamba, na chini ya jiko angalia nati yake kwenye robine: kaza kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa spana, si zaidi. Ikishindikana, inauzwa peke yake. Peleka ya zamani dukani ili urefu wa waya na nati vilingane. Kuna mafundi wanaoifunga sumaku kwa waya ili “isisumbue”. Moto ukizimwa na upepo kwenye jiko la namna hiyo, gazi inaendelea kutoka.

Baada ya kurudisha kila kitu, usiishie kwenye sabuni. Vifundo vyote vikiwa vimefungwa, fungua chupa kwa dakika moja ili gazi ijaze mpira, kisha ifunge. Ngoja dakika 10. Leta kiberiti kilichowaka karibu na bruleri moja na ugeuze kifundo chake, chupa ikiwa bado imefungwa. Mwali mdogo wa buluu ukiruka kwa sekunde moja hivi na kufa, gazi ilikuwa imebaki humo ndani. Kiberiti kikiendelea kuwaka peke yake, imetokea mahali fulani, rudi na sabuni kuanzia shingo ya chupa.